Baba Yetu Moja kwa Kila Chipukizi

Namshukuru Mungu aliyeweka udongo chini ya miguu yetu na mvua juu ya vichwa vyetu, akanipa magoti ya kupanda na kushuka miteremko ya Meru na Embu miaka yote ya kazi. Sasa magoti yamechoka, naye ameniachia kumbukumbu. Sifa ni zake. Mkipata jema lolote humu, limetoka kwake. Palipopinda ni mkono wangu.

Vijana wangu, mmeniomba niandike kidogo juu ya kazi ya kufundisha wakulima, kwa kuwa wengine wenu ndio mnaianza. Nyinyi mna simu zinazopiga picha jani na kutaja ugonjwa wake hapo hapo. Ni jambo jema, na ningekuwa nayo ningeitumia. Lakini sijaona simu inayoweza kukaa jikoni kwa mama mkwe aliyenuna. Kwa hiyo nitawasimulia habari ya mama mkwe mmoja wa karibu na Runyenjes, mkaza mwanawe, na migomba iliyokaribia kuwatenganisha.

Mimi ni Mmeru. Nilifanya kazi kwanza pande za kwetu, kisha nikahamishiwa Embu. Waembu walinipokea vizuri, ila hawakuniacha hivi hivi. Wanasema sisi Wameru hatukawii kukasirika, sasa waliponiona nazungumza polepole, mzee mmoja akatangaza mbele ya kikundi kwamba huyu si Mmeru, huyu aliibwa akiwa mtoto. Nilicheka nao. Mtu akikutania siku ya kwanza, ujue siku ya pili atakuonyesha shamba lake.

Upole wenyewe sikuzaliwa nao. Nilifundishwa na Mzee Kirimi, aliyenitangulia kazini kule Meru. Wiki yangu ya kwanza alinipeleka kwa familia moja juu ya Makutano. Nilikuwa nimejiandaa kuhutubia. Tulikuta watu wanapura maharagwe uani, Mzee Kirimi akavua koti, akachukua fimbo, akaanza kupura. Nami nikapura. Tukala githeri, tukaaga, tukaondoka. Hatukutaja kilimo hata kidogo. Njiani nikamuuliza tutafundisha lini.

"Umeona samadi yao imeachwa nje, jua linaikausha?" akaniuliza. "Umeona mzee ndiye anajibu maswali lakini mama ndiye anachagua mbegu? Sasa tunajua la kufundisha, na tunajua wa kufundishwa. Tutarudi Alhamisi."

Alhamisi tulirudi, na mama yule alitusikiliza mpaka mwisho.

Sasa nije kwa Wawira. Nilikutana naye miaka michache kabla ya kustaafu, kwenye mafunzo tuliyofanyia uwanja wa kanisa, siku ya soko, boda boda zikipita na mikungu ya ndizi imefungwa nyuma kama abiria. Alikuwa mama kijana, mtoto mmoja mgongoni. Wenzake walipoondoka yeye alibaki anakunja leso na kuikunjua.

Alinieleza kwamba alipoolewa na Nyaga, mama mkwe wake alimletea machipukizi ya ndizi. Nisimame hapo kidogo, maana wengine wenu mmekulia mjini. Katika boma nyingi nilizopita kule, bibi arusi akishapewa jiko lake, mama wa mume huingia katika migomba yake mwenyewe, akachagua machipukizi, akayang'oa na kuyabeba mpaka nyuma ya jikoni kwa mkaza mwana. Hayanunuliwi wala hayaombwi. Ni njia ya kusema, wewe sasa ni wa hapa. Mwanamke asiyepewa machipukizi huulizwa na majirani ana shida gani na mama mkwe wake.

Basi Mama Nyaga alileta, Wawira akapanda, migomba ikakua, ikabeba. Mikungu ilipokuwa inajaza, ukavuma upepo wa kawaida tu, na migomba ikalala chini na mizizi yake, mmoja baada ya mwingine. Wakapanda tena kutoka kwa mama. Ikaanguka tena. Nyaga akasema shamba hili limemchosha, atalikodisha, aende Nairobi kutafuta kazi ya mjengo. Wawira hakutaka mume aende. Alikuwa ameona boma ambazo baba huenda kutafuta mjengo na watoto wanamjua kwa sauti ya simu.

Aliposikia katika mafunzo yetu kwamba kuna miche safi ya ndizi inayokuzwa maabara, alifurahi, akamwambia jirani mmoja kwamba anafikiria kuinunua. Jirani alifikisha habari kwa Mama Nyaga, na njiani akaitia chumvi. Ilipofika ilikuwa imeshakuwa kwamba Wawira anasema ndizi za boma hilo zina ugonjwa, na mkono uliozileta ndio uliouleta.

Tangu siku hiyo Mama Nyaga hakukanyaga kwa Wawira. Hakumpokea mtoto. Kanisani alikaa upande ule mwingine. Na mvua ilikuwa inakaribia, mashimo yalikuwa yamechimbwa, na ndani ya mashimo hamna kitu.

"Bwana Kilimo," Wawira akaniambia, "nikipanda za mama, zitaanguka. Nisipopanda, nitaanguka mimi. Nyaga amesema mvua ikianza kabla hatujapanda, anaondoka. Na akiondoka, mimi nitabaki pale na nani? Nitarudi kwetu."

Nilimwambia tuombe, tukaomba, kisha nikamwambia asinunue chochote mpaka nifike kwake.

Muelewe kilichokuwa kinaangusha migomba ile. Chini ya mgomba kuna kiazi kikubwa kinachotoa mizizi. Humo huingia fukusi, mdudu mdogo mweusi mwenye mdomo mrefu. Hutaga mayai, mayai hutoa funza, funza hutoboa kiazi mpaka kinakuwa matobo matupu kama mkate wa mayai. Pia kuna minyoo midogo mno, haionekani kwa macho, inayokula mizizi. Ukiutazama mgomba kwa juu ni mzima. Ukibeba mkungu na upepo ukaja, hauna cha kujishikilia. Sasa chipukizi likitoka kwa mama yake, linatoka na wageni hao wote. Mama Nyaga alikuwa anawapenda watoto wake na kuwapelekea fukusi kwa mikono miwili. Kwake mwenyewe migomba ilivumilia kwa sababu ilikuwa karibu na zizi, inalishwa samadi kila mara, ingawa nayo ilikuwa imeanza kulala mmoja mmoja, na yeye akawalaumu mbuzi.

Nilikwenda kwa Mama Nyaga asubuhi. Sikutaja ndizi. Alikuwa anamenya viazi vikuu, nikaomba kisu nikamenya naye. Tukaongea habari za mahubiri, za bei ya mbolea, za goti lake na la kwangu. Mwishowe akaniambia mwenyewe.

"Najua umetumwa. Huyo msichana amekuambia nimempa uchafu."

Nikamwambia nilichoambiwa ni kwamba shimo halina chipukizi na mvua iko karibu, na kama angeniruhusu, ningependa kuona migomba yake, kwa kuwa sifa zake nimezisikia mpaka sokoni. Hiyo haikuwa hila. Sifa zake zilikuwa za kweli. Akanipeleka. Kulikuwa na mmoja umelala tangu usiku. Nikaomba panga, nikakata kiazi chake katikati.

Ndani kulikuwa na mapango meusi, na funza mmoja mweupe, mnene, kichwa chekundu, akijikunja kwa kuudhiwa na mwanga. Mama Nyaga aliinama, akamgusa kwa ncha ya kisu. Akasema mbuzi wamesingiziwa.

Hapo nikafanya haraka kidogo, maana nilidhani kazi imekwisha. Nikamweleza kwamba machipukizi yake bado yanafaa, ila lazima yamenywe kwa kisu mpaka kiazi kibaki cheupe, kisha yatumbukizwe katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, yatolewe, yapoe kivulini, yapandwe. Maji huua mayai na minyoo, lakini moyo wa chipukizi uko ndani, haufikiwi.

"Unataka nipike zawadi yangu?"

"Si kupika, mama. Ni kama kuogesha mtoto."

"Mtoto haogeshwi na maji ya kuchemka."

Nikajaribu kwingine. Nikasema hata kuku wa mgeni hutiwa maji moto ili manyoya yatoke, na mgeni hafurahi ukimpa kuku na manyoya yake.

"Kuku ulimchinja kwanza, Bwana Kilimo."

Vijana, miaka yote ile ya kazi, na mama mmoja akiwa na kisu cha viazi vikuu ananishinda kwa hoja. Nikakumbuka Mzee Kirimi na maharagwe yake, nikafunga mdomo. Nilimwomba kitu kimoja tu, aje kwa Wawira kesho yake na machipukizi machache, aone kwa macho, na asipopenda arudi nayo mabichi kama yalivyo. Akasema ataangalia kama goti litakubali.

Goti lilikubali. Alikuja na machipukizi mgongoni, yamefungwa kwa kamba, mazuri kabisa, yale yenye majani membamba yaliyochongoka kama upanga, ambayo ndiyo ya kuchagua kila mara. Aliyatua langoni, hakuingia. Wawira alikuwa ameazima ile sufuria kubwa inayopikiwa pilau ya arusi, na maji yalikuwa yanatokota juu ya mafiga. Nyaga alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na begi lake, nililiona, lilikuwa mlangoni.

Mimi nilijifanya naongeza kuni.

Ndipo Wawira akaenda mpaka langoni, akapiga magoti kuyafungua yale machipukizi, na bila kuinua uso akasema, "Mama, mimi nataka hizi zako. Sijawahi kusema sizitaki. Nilisema zinaanguka, na mimi nalia."

Mama Nyaga alimwangalia utosini.

"Nani aliniambia hukuzitaka?" akauliza, kana kwamba sisi ndio tulipaswa kujua. Kisha akaingia ndani, akachukua kisu, akakaa, akaanza kumenya kiazi cha chipukizi kama anavyomenya viazi vikuu, na palipokuwa na kitobo cheusi alikifuata kwa ncha mpaka kikaisha. Lililotobolewa sana alilitupa mwenyewe. Nilitaka kuwaambia kazi hiyo ingefanyiwa kule kwake ili maganda yasilete fukusi huku, lakini nikaona siku hiyo fukusi wachache ni bei nafuu. Jioni tuliyakusanya maganda tukayachoma.

Tulipofikia hatua ya maji, alinizuia. Zawadi yake ataitumbukiza mwenyewe, na haingii motoni bila kuombewa. Akalishika chipukizi kwa majani, akazamisha kiazi katika maji, akasali Baba Yetu kwa Kiembu, macho wazi, bila haraka, kama mtu anayejua anazungumza na nani. Akasema amina, akalitoa.

Mimi nilikuwa nimeangalia saa. Ilikuwa nusu dakika, muda ule ule tuliofundishwa. Ukisali Baba Yetu kwa utulivu, unafika amina wakati chipukizi limetosha. Saa nikairudisha mfukoni, na tangu siku hiyo sikuwahi kumfundisha mkulima kuhesabu kwa saa. Wengi hawana, na simu zao hazina chaji.

Walipanda yote siku hiyo, Nyaga akichanganya samadi na udongo wa juu. Begi lilirudishwa ndani, ila sikuona likifunguliwa.

Kisha tukangoja, na kungoja huko hakukuwa kwepesi. Mvua ilinyesha, na machipukizi yalikaa kama vijiti. Mama Nyaga alipita kila asubuhi. Alisimama, akayatazama, akaenda zake. Nyaga alikuwa amempa Wawira mpaka mwisho wa mvua. Wawira alinipigia simu kuniuliza kama inaruhusiwa kufukua moja kuangalia. Nilimwambia asithubutu, kisha nikakata simu na mimi nikapiga magoti.

Niwape maneno mengine ya mgomba tukiwa bado tunangoja, maana hata mimi nilijishughulisha na hayo ili nisifikirie. Katika kila shina acha mama, binti na mjukuu, basi. Ukoo mzima ukikaa shimo moja, wote wanabeba vidole vyembamba. Majani makavu yatandaze chini yaweke unyevu, lakini yasiguse shina, hapo ndipo fukusi hulala. Mgomba ukishavunwa, pasua gogo lake vipande, vilaze karibu na mashina jioni, asubuhi uvigeuze. Utakuta fukusi wamekuja kwenye karamu, uwaokote. Na ndizi msiuze kwa macho ya dalali. Kikundi chetu kilinunua mizani, na dalali yule yule aliyekuwa akisema mkungu huu ni mdogo, alipoona mizani akaanza kutuita ndugu zangu.

Na kuna jambo moja msilichanganye. Maji moto hayatibu mnyauko. Mkiona majani ya mgomba yamegeuka manjano na kuning'inia, na shina ukilikata ndani lina rangi ya kutu, msichukue chipukizi hapo, hata mkisali rozari nzima.

Na nikitaja kuzidisha sala, yupo aliyejaribu. Njia ya Baba Yetu ilienea mteremko kwa mteremko kuliko vipeperushi vyetu vyote. Mzee mmoja katekista, mtu mwema, alinipigia simu kunilaumu kwamba machipukizi yake yote yameoza. Nilimuuliza alisali nini. Akasema Baba Yetu, Salamu Maria, na kwa kuwa ni shamba kubwa, akaongeza Nasadiki. Nilimwambia Mungu alizisikia sala zote tatu, lakini chipukizi lilisikia maji. Alicheka mpaka akakohoa, akaanza upya. Na kule Meru, mchinjaji mmoja wa Majengo mwenye kishamba chake aliniuliza yeye Mwislamu afanyeje. Akasoma Alhamdu polepole, nami nikatoa saa yangu ya zamani nikaangalia. Ilitosha. Tulishikana mikono.

Ya Wawira yalichipua. Asubuhi moja aliona kitu kama ncha ya kalamu, ya kijani, katikati ya kijiti. Hakunipigia mimi kwanza. Alikimbia kwa Mama Nyaga na mtoto mgongoni, wakaja wote wawili, mama akainama na goti lake, akagusa ile ncha kwa kidole, akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwa Wawira. Hiyo nimeambiwa na Nyaga, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mswaki. Alisema alirudi ndani, akatoa nguo zake kwenye begi.

Migomba ilikua. Ikabeba. Na upepo ukaja, kama unavyokuja kila mwaka, kwa sababu Mungu hakuahidi kuuzuia. Siku iliyofuata nilitoka na pikipiki. Kwa Wawira majani yalikuwa yamechanika kama matambara, lakini mashina yalisimama na mikungu yake. Mmoja tu ulikuwa umeinama, nao tuliuegemeza kwa mti.

Kwa Mama Nyaga, karibu yote ilikuwa imelala.

Nilimkuta Wawira hajui afanye nini na furaha yake. Aliogopa hata kuonekana shambani. Alisema mama akipita na kuona za mkaza mwanawe zimesimama, atadhani anasimangwa. Tulikuwa bado tunaongea hayo tuliposikia hodi langoni. Mama Nyaga alikuwa amesimama na kiondo kitupu na kisu, viatu vimejaa matope ya kwake. Hakuangalia mikungu. Alimwangalia Wawira.

"Nimekuja kuomba machipukizi," akasema.

Nyaga ndiye aliyesema, "Mama, si ni zako. Ingia uchukue."

"Sizichukui. Mwenye migomba ndiye anatoa. Nilitoa nikiwa nazo, sasa naomba nikiwa sina." Akampita mwanawe, akamkabidhi Wawira kile kiondo. "Na usinipe mabichi, nimechoka kulisha funza. Weka maji."

Wawira aliweka maji. Alichagua machipukizi mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo, nilimwona akiyapita ya kwanza na ya pili. Maji yalipochemka, Mama Nyaga alivuta kigoda akakaa, akamwachia yeye ashike majani na azamishe. Wawira akaanza Baba Yetu kwa sauti ndogo. Alikuwa na haraka kwa hofu, maneno yakamkimbia, na alipofika kwenye mkate wa kila siku mama mkwe akamwekea mkono begani, wakaendelea pamoja polepole mpaka amina.

Wewe unayesoma haya, ukiwa na shamba au ukiwa na kazi ya kuwatembelea wenye shamba, Mungu akupe mizizi inayoshika siku ya upepo. Akuletee mikono inayotoa, na siku yako ya kukosa akupe ulimi wa kuomba bila aibu. Jikoni kwako kusikose moto, na mezani kwako kusikose wa kula nawe. Amina.